Jina Ndani ya Kifuniko cha Taa

Jumatatu, 4 Agosti
Ukwaju, majivu, kipande cha kanga. Nasugua shaba tangu asubuhi. Kesho kuna mgeni, na Mama alitufundisha mgeni hapokewi kwa shaba chafu. Mgeni mwenyewe ni mtaalamu anayenunua taa za kale, anatoka Dar. Kaka Salumu alimtumia picha ya taa ya sebuleni, ile aliyoifua kwa nyundo marehemu Baba. Kajibu kwamba ni kazi ya Kiingereza, imebuniwa na bwana mkubwa fulani wa zama zile Wazungu walipochoka na viwanda wakarudi kwenye nyundo. Kumbe huko kuchukia mashine ni ufundi wenye sifa. Baba hakuwa na mashine ya kuichukia. Shaba yenyewe aliitoa kwenye mabomba ya kiwanda cha katani kilichokufa.

Alasiri. Masizi ya miaka yametoka. Ndani ya kifuniko kuna maandishi ya msumari: Hamisi Fundi, Mingoyo. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba Baba aliandika jina lake. Nimelia.

Jumanne, 5 Agosti
Kaka kafoka. Eti nimeiharibu taa, wanunuzi wanataka ule weusi wake. Mimi ningejuaje?

Mtaalamu kaja mchana. Shikamoo mama, tabasamu tele. Akaipakata taa kama mtoto mchanga. Akasifu alama za nyundo, akasifu ribiti zilizounga shaba, akamsifu Mwingereza wake. Nikamfunulia kifuniko. Akasoma, akaiweka chini.

"Kumbe ya hapahapa," akasema.

Taa ni ileile! Nimemchukia.

Kabla ya kuondoka alimvuta Kaka uani. Nikasikia kwamba weusi utarudi kwa dawa. Jina ndilo linalomkwaza.

Jumatano, 6 Agosti
Kaka kanisimamia na tupa ya kusagia chuma mkononi. "Mwanaidi, paa linavuja mpaka kitandani kwako. Jina la Baba litaezeka nyumba?"

Nilimwambia mimi sitaki kuona. Sikumwambia asifanye. Naandika hivyo nisije nikajidanganya baadaye. Nilikuwa jikoni, nikaisikia tupa. Haikuchukua muda.

Jumapili, 17 Agosti
Mafundi wamemaliza kuezeka, kwa pesa ya taa. Bati linang'aa, majirani wanatupongeza.

Mtaalamu katuma picha. Taa yetu iko kwenye maonyesho, nyeusi tii, na kibao pembeni. Mbunifu: jina la Mwingereza, herufi kubwa. Chini yake, kwa herufi ndogo: fundi hajulikani. Kaka kacheka. Mimi sikula.

Ijumaa, 22 Agosti
Makaburini asubuhi, peke yangu. Kaburi la Baba ni mawe mawili tu, kama ya wenzake wote pale. Hayana maandishi. Sehemu pekee aliyowahi kuandika jina lake ilikuwa ile taa.

Nikamsomea Fatiha. Nilitaka kumwomba radhi, nikaona aibu. Nikang'oa magugu mpaka jua likawa kali, nikarudi nyumbani.