Baba, Haikuwa Tamaa

Baba mpendwa,

Leo nimefundisha somo la vipokezi vya seli za ubongo, na nimekukumbuka.

Unakumbuka likizo ile nilipotoka chuo kikuu nikaja nyumbani Kitengela? Saratani ya Mama ilikuwa imefika mifupani. Nilimkuta ameuma upindo wa leso ili asilie. Chupa ya mofini, dawa yake ya maumivu, ulikuwa umeifungia kabatini.

"Nimempunguzia," ulisema. "Kila wiki anataka zaidi. Sitaki mama yenu afe akiwa teja."

"Baba, unamtesa! Huna huruma!" Nilikupigia kelele pale uani, majirani wakisikia.

Ukavuta kiti. "Haya, wewe umesoma. Nieleze."

Nikachora seli kwenye daftari. Nikakuonyesha vipokezi vilivyo juu yake, pale dawa inaposhika na kutuliza maumivu. Nikakuambia dawa ikija kila siku, seli hujirekebisha: baadhi ya vipokezi huacha kuitikia, vingine huvutwa ndani. Kipimo kilekile kinakuta vichache, na ugonjwa nao unazidi.

"Kwa hivyo si tamaa?"

"Si tamaa, Baba. Ni mwili."

Ukaweka kidole kwenye ule mchoro. "Na hivyo vilivyovutwa ndani, huwa vinarudi?"

"Vingi hurudi."

Ukaingia chumbani, ukapiga magoti kando ya kitanda, wewe ambaye sikuwahi kukusikia ukimwomba mtu radhi. "Mama Naserian, nimekukosea. Nilidhani ni wewe, kumbe ni mwili."

Mama akakushika sikio kama mtoto. "Leta dawa kwanza."

Kesho yake tulimpeleka kliniki Kajiado, daktari akaongeza kipimo. Jioni alikunywa uji wote, akakuuliza habari za ng'ombe wako, mmoja mmoja kwa jina. Tangu hapo dawa ulimpimia mwenyewe, miwani puani, macho kwenye saa, hadi mvua zilipokuja naye akatuacha bila kuumia.

Baba, wewe ulimwomba Mama msamaha siku ileile. Mimi sikukuomba, na sasa nawe umeenda. Nilijua habari za seli, nikadhani nakujua na wewe. Hukukosa huruma. Uliogopa tu kwamba dawa ingemchukua kabla ya ugonjwa.

Nisamehe kwa neno lile. Pumzika, Baba.

Naserian, kifungua mimba wako