Mishubiri kwenye Kaburi la Baba Stella

Jumapili jioni. Jua limekataa kuzama, na mimi nimekataa kupika.

Nimechoka na maua. Nimechoka na wifi yangu pia, na kwa kuwa yeye hasomi blogu, wacha niseme.

Mume wangu, Baba Stella, amelala mbele ya nyumba yetu hapa karibu na Macalder, hatua chache tu kutoka mlangoni. Dada yake, Mama Akoth, anaishi Homa Bay mjini, karibu na ziwa, ambako ukidondosha mbegu inaota. Tangu tumzike ndugu yake amekuja mara tatu na miche ya waridi. Mimi ndiye niliyebaki kuyabebea maji kutoka kwenye pampu, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, baada ya kufundisha darasa la nne mchana kutwa. Yote yalikufa.

Safari hii niliamua kutumia akili. Mama mmoja mwenye kitalu cha miche kule Ndhiwa aliniambia niache kununua kwanza, nikaangalie kwetu ni kipi kinabaki kibichi wakati wa kiangazi bila kumwagiwa maji. Nikapanda kilimani, nyuma ya mashimo ya wachimba dhahabu, nikakuta mishubiri. Nikang'oa minane. Nikaiacha kivulini siku mbili ili vidonda vya mizizi vikauke, kisha nikaipanda kuzunguka kaburi na kupanga mawe katikati. Hii ni wiki ya tatu na yote imesimama.

Nilijivunia sana. Mpaka leo.

Mama Akoth alifika saa nne na ndoo tatu za waridi. Hata chai hakunywa. Alisimama kaburini, akaitazama kazi yangu, akasema, "Mama Stella, kwani ndugu yangu ni kuku? Umempandia ogaka?"

Ogaka ndio mshubiri kwa Kijaluo, na ni kweli huku tunaukatakata kwenye maji ya kuku wakiugua. Lakini kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshainama, ameng'oa mmoja, amepanda waridi kwenye shimo lake na kulimwagia mtungi mzima. Maji yangu ya kupikia.

Sikupiga kelele. Nilimpa ule mtungi mtupu, nikachukua mwingine, nikasema, "Twende."

Tukaenda, yeye na viatu vyake vya kisigino. Tukapanga foleni kwenye jua la saa sita, tukapampu kwa zamu. Alirudi na nusu mtungi tu, na njiani alipumzika mara sita. Tulipofika aligusa udongo chini ya waridi. Ulikuwa mkavu tayari.

"Unafanya hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Na yale ya kwanza? Uliniambia yaliliwa na mbuzi."

Sikuwa na pa kujificha. Nilimwambia hakuna mbuzi aliyeyagusa. Kuna jioni nilibaki na maji kidogo, ya waridi au ya kuoga, nikachagua kuoga. Nilioga huku nalia. Baada ya hapo sikuyamwagilia tena.

Sijawahi kumwambia mtu hilo. Niliogopa wataona simpendi tena Baba Stella.

Mama Akoth aliketi kwenye ukingo wa kaburi. Kisha akaling'oa waridi lake, akaurudisha mshubiri na kuushindilia udongo kwa kisigino, kama mtu aliyeshindwa kesi. Alisema bado haupendi. Alisema kaburi linafanana na boma la ng'ombe.

Ndoo mbili ameondoka nazo. Ya tatu aliiacha mlangoni pa jikoni.

"Hili si la ndugu yangu," akasema. "Ni lako. Lipande pale unapooshea vyombo, linywe maji hayo hayo."

Kwa hiyo sasa nimekaa hapa natazamana na ua linalotaka maji kuliko mimi. Nani alimwambia ninataka waridi? Nimeudhika kweli. Na nimeshaliinamia mara mbili kulinusa.

Vyombo vya mchana nimeviacha vichafu makusudi. Asubuhi nitachimba shimo kando ya karai, nivioshe polepole.