Mashuka ya Jasusi

Chumba cha Kufulia, Hospitalini
6 Februari

Mwanangu Kifungo,

Pokea salamu zangu, za mjomba wako, na za kina mama wote wa kufulia. Kifua kimepona, au bado unakohoa na huo ubaridi wa huko? Sisi wazima, isipokuwa goti langu la kulia, ambalo limeamua kuishi maisha yake.

Sasa nieleze, jambo kubwa namna hii kwa nini nilisikie kwa watu? Leo asubuhi Msimamizi wetu alikuwa kwenye kompyuta yake, akaniita. "Mama Kifungo, hizi filamu za jasusi si ndizo alizofanyia kazi binti yako?" Nikamwambia ndizo. Ule mwanzo wa filamu ya mwisho, pale majina ya waigizaji yanapopita na wimbo unaimba, wote ni wa mwanangu. Akasema, "Basi mashabiki wa dunia nzima wameipanga mianzo yote ya filamu hizo kwa uzuri. Wa binti yako umeshika nafasi ya kumi na tatu."

Ya kumi na tatu duniani. Nilikaa juu ya kikapu cha mashuka machafu bila kujali yametoka wodi gani. Nilipoinuka nikaanza kutangaza. Nimemwambia Bi Mvuke wa tangi la maji ya moto, nimemwambia mlinzi wa getini, nimemwambia daktari wa mifupa aliyekuja kuulizia koti lake. Koti lenyewe sijui nililiweka wapi. Yule Mpishi, ambaye binti yake alipokuwa wa ishirini na tisa darasani hatukupumua kwa sifa, nimempitia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alijifanya hasikii kwa kelele za sufuria.

Ulikuwa unalala chini ya meza yangu ya pasi, mashuka yananing'inia pande zote kama kuta za nyumba yako. Leo mashuka hayo yako kwenye filamu, kivuli cha jasusi kinapita nyuma yake, pasi inapita mbele na majina yanatokea kwenye kitambaa. Nani mwingine angewaza hivyo? Endelea, mwanangu.

Ni mimi mama yako,
mzazi wa nambari kumi na tatu


19 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, ahsante kwa kuuliza. Msalimie mjomba, na hilo goti ulipeleke kwa daktari wa mifupa ukishapata koti lake.

Mama, nakuandikia jambo hili nikijua litakuuma. Filamu za jasusi ziko kumi na tatu tu. Mimi ni wa mwisho.

Mashabiki hawa wanaipenda mianzo kuliko filamu zenyewe. Wanaijua kwa moyo: wimbo, rangi, jina la nani lilianza. Wamezoea bastola, moto na wanawake wanaocheza. Mimi nikawaletea mashuka kwenye kamba. Mmoja ameandika kwamba jasusi wao amestaafu na kuwa dobi, na wenzake wamelicheka hilo wiki nzima.

Ningevumilia vicheko. Shida ni kwamba filamu ya kumi na nne inaanza kutengenezwa, na mwenye filamu hajaamua nani atafanya mwanzo wake. Ameniambia usoni: mwezi wa sita mashabiki wana mkutano wao mkuu, watapiga kura upya. Nikibaki mkiani, kazi anampa mwingine, nami nirudi kutengeneza matangazo ya dawa ya meno.

Kwa hiyo nakuomba, usiendelee kuwatangazia watu.

Mwanao,
Kifungo


2 Machi

Mwanangu,

Nimekusoma, na sina homa wala sijazimia, kwa hiyo ondoa wasiwasi. Wewe unakula lakini? Mtu akichekwa hasahau tu usingizi, husahau na chakula.

Nilimfuata Msimamizi na barua mkononi. "Ulijua ziko kumi na tatu?"

"Nilijua, mama."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kusema. Nikainua kichwa, ukawa umeshafika getini."

Mpishi naye amepata habari. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu, jambo ambalo hajalifanya tangu nyanya zake zilipomwagikia mapazia yangu. Akasema, "Pole, nasikia wa kumi na tatu ndiye wa mwisho." Nikamwambia ndiyo, ni wa mwisho kati ya watu kumi na watatu walioifanya kazi hiyo tangu filamu hizo zianze. Wewe na mimi ni wa ngapi? Hatumo. Akaenda zake. Nilisema kwa sauti kubwa, kisha nikalipiga pasi shuka moja mara tatu.

Usiniombe ninyamaze. Nimenyamaza nikiwa na mimba yako tu, na hapo ni kwa sababu ya kichefuchefu. Nijibu hili: hao wapiga kura ni nani? Wana vyeti? Dobi anaruhusiwa?

Mama yako


20 Machi

Mama,

Shikamoo tena. Ninakula.

Mtu yeyote anaruhusiwa, ila wana sharti lao na wanalishika kama dini. Lazima uitazame mianzo yote kumi na mitatu kwa mkao mmoja, bila kuruka, bila kuinuka. Kisha unaipanga kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, na kwa kila mmoja unaandika neno la kueleza kwa nini. Jina huweki. Unaandika kazi yako tu.

Nimekutumia flashi yenye yote. Lakini, mama, nakushika miguu. Wakiona rundo la kura kutoka sehemu moja, zote zinasifia mashuka, watajua kuna mkono. Watazitupa, watasema nimeiba, na hata matangazo ya dawa ya meno sitapewa. Pigeni kura kama mlivyoona kwa macho yenu, au msipige kabisa.

Mwanao


11 Aprili

Mwanangu Kifungo,

Natumai u mzima. Huku wote wazima, ingawa wawili hawasemezani, na sababu ni wewe.

Msimamizi aliazima projekta ya kufundishia wauguzi. Tukatundika shuka jipya ukutani, zamu ilipokwisha, tukakaa juu ya vikapu. Tulikuwa sita. Niliwasomea sharti lako neno kwa neno. Nikasema, "Atakayempendelea mwanangu nitamjua, na nitamtoa." Bi Mvuke akanong'ona, "Tuanze na wewe."

Tumetazama yote. Bi Mvuke alikataa kuinuka hata tangi lilipopiga filimbi, tukamwogopea. Kumbe ni vitu vizuri hivi. Ule wa tano, yule mwanamke anashuka ngazi za kioo ndani ya maji na kila jina linapanda kama povu, nilijikuta nimebana pumzi. Ule wa nane, wa magurudumu ya saa yanayosagana, mama wa mapazia, yule mwenzetu anayeyafua, alilia na hajui kwa nini. Ule wa pili, wasichana wanaocheza mbele ya bastola kubwa, hatukuelewa wanafurahia nini.

Halafu ukaja wako, mashuka juu ya shuka. Sitasema nilijisikiaje.

Basi tukapanga, kila mtu na karatasi yake. Msimamizi amekuweka wa mwisho. Nilimtazama sana, naye akasema, "Mama, mimi mchana kutwa naona mashuka, nikienda kwenye filamu nataka moto." Siwezi kumlaumu. Bi Mvuke amekuweka wa kwanza, na mama wa mapazia akamwambia amekupendelea, ndio hao hawasemezani.

Mimi nimekuweka wa tatu.

Usinune. Wa kwanza ni wa maji, wa pili ni wa saa. Kwako nimeandika hivi, uone nisikufiche: "Mwanzo unanivuta, mwisho ni mzuri kuliko yote, lakini katikati panachosha. Mashuka yanapepea, yanapepea, nikadhani jasusi amesahauliwa." Bi Mvuke aliisoma begani kwangu akaniuliza, "Wewe ni mama wa aina gani?" Nikamjibu, wa aina inayotazama.

Karatasi zote sita Msimamizi amezituma kama zilivyo.

Mama yako


30 Mei

Mwanangu,

Hujambo huko? Hii ni barua ya pili bila jibu. Nimemwuliza mjomba wako kama umempigia, anasema sauti yako ilikuwa fupi.

Kama ni ile ya tatu, basi nisikilize. Nimewaambia watu wa hospitali hii nzima kwamba wewe ni hodari, na nitawaambia tena kesho. Hizo ni sifa zangu, nazigawa nitakavyo. Lakini pale niliulizwa nimeona nini. Nikikupa ya kwanza ya uongo, siku ukinifanyia ya kweli nitakupa nini?

Sibadilishi. Ila usingizi siupati, na mkutano wenu ni wiki ijayo. Andika hata mstari mmoja. Ukirudi kwenye dawa ya meno, nitapiga mswaki mara tano kwa siku.

Mama yako anayekungoja


14 Juni

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Keti kwanza, goti hilo lisikuangushe.

Nilinuna, ni kweli. Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni, nikaiweka, nikasema hata mama. Nilikaa nayo siku nyingi, nikishika kalamu naona ile "panachosha" tu. Kisha nikaenda mkutanoni kama mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Wana desturi: kabla ya kutoa hesabu, mwenyekiti wao, mzee mmoja wanamwita Kofia, anatia mkono ndani ya sanduku na kuchomoa kura moja tu, aisome mbele ya wote. Akachomoa. Akarekebisha miwani. Akasema, "Kazi ya mpiga kura: dobi."

Ukumbi ukacheka. Wakadhani ni mtani, kwa sababu ya ule utani wao wa jasusi aliyekuwa dobi. Mimi nikashika kiti. Kofia akasoma ya maji, akasoma ya saa, wakaitikia kwa vichwa, maana walisikia kwamba mtu huyu ametazama. Akafika kwa wasichana wa bastola: "Wanafurahia nini?" Wakacheka tena, lakini sasa walikuwa wanacheka pamoja nawe. Yangu alikuwa ameyaruka, akayasoma mwisho. Wa tatu. Katikati panachosha.

Mama, ugomvi uliozuka. Mwanamke mmoja mbele alisimama: "Huyu dobi anakosea. Pale katikati ndipo pazuri, unamngoja jasusi mpaka unaogopa." Mwingine akamjibu, "Kaa chini, wewe mwenyewe ulimweka wa kumi na mbili." Akasema, "Nilimweka kwa kufuata mkumbo, sasa nimefikiri." Ndipo wakaanza kugawanyika. Waliokuwa wakinicheka wakawa wananitetea dhidi ya mama yangu mzazi. Wakadai waoneshwe tena, kwenye pazia kubwa la sinema, taa zizimwe. Wakaoneshwa. Mashuka yalipepea na hakuna aliyekohoa. Kofia akasema sheria inaruhusu: atakaye kubadilisha kura aje mbele. Foleni ilizunguka ukumbi.

Mimi ni wa pili. Nyuma ya ngazi za kioo tu. Mashabiki wamenipa nafasi ya juu kuliko wewe.

Walipomaliza kupiga makofi nilisimama nikasema nina jambo, nisije nikaonekana nimeficha. Nikawaambia dobi huyo ni mama yangu. Kofia akavua kofia yake, ambayo nimeambiwa haivui hata kwenye harusi, akauliza, "Mama yako mwenyewe amekuweka wa tatu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi kura hii inabaki ilivyo."

Mwenye filamu alinipigia kesho yake. Ya kumi na nne ni yangu. Na mara hii jina langu halitakuwa kule mwisho watu wakishatoka. Litakuwa pale mwanzoni, pamoja na ya waigizaji.

Wasalimie wote sita. Msimamizi mwambie nitamtafutia moto.

Mwanao wa pili,
Kifungo


3 Novemba

Mwanangu Kifungo,

Nakusalimu kwa furaha ambayo haijashuka tangu jana. Goti lilikaa vizuri jana kutwa, nadhani nalo lilikuwa linasubiri filamu.

Tulikwenda sinema, kufulia kote, tukiwa tumevaa kama watu wa harusi. Bi Mvuke na mama wa mapazia walikaa kiti kwa kiti. Hata Mpishi alikuja, akaketi safu ya nyuma yangu ili asionekane tuko pamoja. Nilimwonesha mkata tiketi kitambulisho changu, akasema hakihitajiki. Nikamwambia kisome tu, usije ukasema hukujua ni nani aliyeingia.

Taa zikazimwa. Moto ulikuwepo, Msimamizi akagonga kiti. Sikuelezi mwenyewe ulichokifanya, unakijua. Nitasema tu kwamba sikuchoka mahali popote, si mwanzo, si katikati, na nilitafuta.

Majina yakaanza kupita. La jasusi, la adui, la mwimbaji. Halafu la kwako, peke yake, kubwa, jeupe, katikati ya pazia. Mimi nikasimama.

Sauti nyuma yangu, sauti ya Mpishi, ikasema, "Mama, kaa, hatuoni."

Nikamwambia, "Nitakaa likishapita. Lisome."

Akalisoma, kwa sauti, mpaka mwisho. Kisha naye nikasikia kiti chake kinagonga, akasimama. Bi Mvuke akasimama. Watu tusiowajua kabisa, ambao hawakuambiwa lolote, wakaanza kusimama wakidhani kuna sababu.

Sababu ilikuwepo.

Wako, mama wa nambari moja, na safari hii nimehesabu yote kumi na minne