Picha ya Harusi Darasa la Pili

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya tatu ya ndoa, na bado nikisikia kengele ya baiskeli yake moyo unaruka! Mume wangu. Nimeliandika neno ili nilitazame tu.

Ila leo amerudi amenywea. Mwalimu Mkuu, mama mmoja mkali, amemwambia watoto wake wa darasa la pili hawajui kujumlisha, wanakariri kama kasuku. Mpaka Ijumaa aone mabadiliko, la sivyo darasa anapewa mwingine. Nikasema, wape fumbo la kupanga vipande! Fumbo gani? Nikatazama ukutani. Fundi picha alitutolea picha kubwa ya harusi mara mbili kwa kupitiwa. Moja ya ukuta, moja ya hesabu!

Jumanne, 4 Machi
Tumeibandika kwenye boksi la feni, tukakata miraba. Nyuma ya kila kipande hesabu: 8 + 7, 9 + 4. Kwenye karatasi kubwa, majibu. Kila kipande juu ya jibu lake, maharusi wanatokea. Yeye rula, mimi mkasi. Nilipofika shingoni kwake mkono ukagoma. "Kata tu, mke wangu, mimi nimeshakwisha!" Mama mkwe akachungulia: mwezi haujaisha mshaanza kugawana? Tulicheka mpaka gundi ikamwagika.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Watoto hawakujumlisha hata moja. Walifuata picha tu. "Sikio la mwalimu hili hapa!" "Gauni linaendelea huku!" Wakamaliza, wakashangilia. Amenisimulia ameshika kichwa. Nimecheka, Mungu anisamehe.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata! Nilikuwa nageuza keki — sahani juu, shika, pindua. Basi na fumbo liwe hivyo! Karatasi ya majibu ndani ya sinia, picha ilale chini, hesabu zitazame juu. Hakuna wa kuona sikio la mtu. Wakimaliza, sinia jingine juu, geuza!

Tukajaribu mezani. Kushoto kukahamia kulia, kila mtu katengana na bega lake! Mwalimu wangu akafikiri kidogo: majibu yapangwe kinyume. Tukaandika upya. Akanibusu kwenye paji la uso, unga na vyote.

Ijumaa, 7 Machi
Niko darasani kwake, dawati la nyuma, magoti yanagusa kidevu. Mwalimu Mkuu amesimama karibu na ubao, mikono nyuma. Watoto wamelizunguka sinia.
"Tisa na nne kumi na tatu, wewe!"
"Hebu rudia, usinipige fiksi."
Mume wangu anafuta jasho kwa kifutio cha ubao. Masikini, kipenzi changu! Sinia la pili juu — wamepindua!

Ni sisi! Ila... kiatu changu kiko mahali pa mdomo wangu. Darasa zima linacheka. Mwalimu Mkuu hacheki. Nimefumba macho.

Sauti ndogo. Ni binti wanayemwita Kimya, ambaye hajawahi kujibu swali. "Si picha. Hesabu ndiyo imekosewa. Mbili zimebadilishana."

Wamegeuza tena. Wanainua vipande, wanachungulia majibu, vichwa vyote ndani ya sinia. Mwalimu Mkuu amesogea. Ameinama. Sasa kapiga magoti kabisa, chaki yote kwenye sketi! Ameshika 8 + 7, vidole vinacheza, midomo inahesabu. Kimya amenyoosha mkono, keshajua. Mume wangu anafungua mdomo — Mwalimu Mkuu anamkatiza:

"Mwalimu, tulia! Na nyie wote! Asiniambie mtu!"