Saini Anayoitaka Baba Neema

Maskati,
Ijumaa mchana

Shikamoo Mama Mkubwa,

Magoti yanasemaje na mvua hizi? Na mama yangu, bado mnagombea jiko moja na hali mna majiko mawili? Mimi mzima. Nashona mabaibui kumi na mawili kwa wiki, na nina wasichana wawili chini yangu. Miaka minne iliyopita nilifika hapa kusafisha vyoo.

Juzi mwenye karakana, ambaye babu yake alizaliwa Tabora, alituletea asali ya dukani. Nikaonja, nikaishia kuikumbuka Ipole kwetu: Baba anarudi porini na ndoo zake, nguo zinanuka moshi, nanyi wawili mnakamua masega huku mnamsema. Watoto kumi na mmoja, sinia moja, matobolwa ya viazi vikavu yanaisha hujakaa vizuri. Shuleni niliulizwa jina la mama, nikataja mawili, mwalimu akadhani namtania.

Sasa sikia. Baba Neema ameniletea karatasi. Tulipofunga ndoa bomani, miaka tisa sasa, mwandikishaji alimuuliza: mke mmoja au wake wengi? Akajibu mpaka waliokuwa nje wakasikia: "Mmoja!" Leo anataka nisaini, nikija likizo tukathibitishe kwa hakimu kwamba ndoa yetu iwe ya wake wengi. Na huyo wa pili, kaka ameniambia, ana miezi mitano ndani ya nyumba yangu pale mjini. Karatasi imefika wiki iliyopita.

Niliwasomea wenzangu, maana kila siku wanabishana sheria ya nyumbani iruhusu ndoa zipi.

"Saini, shoga," akasema Mwanahamisi wa Tanga. "Uko huku miaka minne, ulitaka apikiwe na nani?"

"Ana mikono miwili," nikamjibu.

Mwenzetu mwingine, wa Bukoba, akadakia: "Sheria ingeruhusu mke mmoja tu, haya yote yasingekuwepo."

"Na mimi ningezaliwa wapi?" nikamwuliza. "Ziruhusiwe zote mbili, ila mwenye nyumba aulizwe kabla mgeni hajaingia."

"Mbunge wetu huyo!" Mwanahamisi akacheka.

Kwetu si ndivyo ilivyokuwa? Mama alinisimulia: Baba alikuomba, ukanyamaza siku tisa, naye akahamia kambini porini kwenye mizinga ya nyuki kusubiri. Ukamjibu kwa masharti: mwenzio awe na nyumba yake, shamba lake, watoto wale pamoja. Kisha ukaenda mwenyewe kumpokea kwao. Nimekua nikijivunia hilo. Lakini sijawahi kukuuliza, Mama Mkubwa: ungesema hapana, ungekwenda wapi na watoto wanne?

Mimi nina pa kwenda. Kwa hiyo sisaini. Nikija Juni nitamwambia hakimu ndoa yangu ni ile ile, na Baba Neema achague mbele yake, mimi au huyo wa pili. Usidhani hainiumi.

Nibusie mwanangu Neema, umwambie asiache kusoma. Msalimie mama yangu, na kaka aliyerithi mizinga ya Baba. Na yule binti aliyehamia kwangu, mkimwona mjini msimtukane. Mwambieni tu kwamba bila saini yangu yeye si mke wa mtu. Amwulize Baba Neema pale ndani anakaa kama nani, na amwulize kabla hajashika mimba.

Mwanao uliyemlea,
Kabula