Nyangeta, Kurekodi Kumekwisha

Mwanangu Nyangeta,

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu yako haipatikani, na kila ninayemuuliza habari zako ananicheka. Najua wengi watakaosoma watadhani ni kichekesho kingine cha yule baba na binti yake wa Musoma. Waache wadhani.

Unakumbuka ilivyoanza. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, ukarudi kutoka mnadani na ile suruali ya mtumba, magoti yote nje. Nilikuwa dukani Iringo namuuzia mfugaji dawa ya kupe, ukapita mbele yetu mchana kweupe. Nikakwambia, "Ngozi ya matundu haina bei, hata mnadani wanaitupa." Yule mfugaji alicheka mpaka akasahau dawa yake. Wewe ulinuna wiki nzima, nami nikajua nimeshinda.

Kumbe ulikuwa unatunga. Jumapili moja ulinisikilizisha wimbo, na maneno yote yalikuwa yangu ya kuisema ile suruali: ngozi ya matundu, fisi aliyeng'ata magoti, mzazi anayezimia getini. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Ukaniomba niwe baba kwenye video. Nikasema mimi si msanii, nauza dawa za mifugo. Ukanijibu, "Baba, wewe usiigize. Ongea tu kama unavyoongeaga."

Tulikwenda kurekodi kwa bibi yako Butiama. Nilikukimbiza kwenye yale mawe na fimbo ya kuchungia, kiatu kikanitoka, mbuzi wa jirani wakaingia katikati. Bibi yako, ambaye hakuna aliyemweleza kitu, akanifuata na mwiko akimtetea mjukuu wake. Ulikaa chini ukacheka mpaka machozi, na mimi pia. Tangu uanze kuwa mkubwa tulikuwa hatujacheka kitu kimoja kwa wakati mmoja. Siku ile nilifurahi, mwanangu, na nilipaswa kukwambia.

Video ikasambaa, watu wakaipenda, ukaandika sehemu ya pili. Tuliirekodi hapa nyumbani Nyakato, hapahapa Musoma, simu umeiegesha dirishani. Wiki ile ulikuwa umeniambia huendi chuo cha uuguzi, unataka muziki, nami nikaondoka kwenda dukani kabla hujamaliza. Kwenye mpango wako baba anasema, "Chagua moja, suruali hiyo au nyumba yangu." Nikasema. Ukajibu, "Nimechagua, baba," macho yamejaa maji. Nikawaza, mtoto huyu ana kipaji. Ukachukua simu, ukabeba begi, ukatoka getini kama ulivyopanga. Nikabaki kwenye kigoda nasubiri urudi tuangalie kama imetoka vizuri.

Mama yako alitoka sokoni akanikuta bado nimekaa. Akaingia chumbani kwako, akatoka. "Nguo zake ziko wapi?" Nikamjibu, amezitia kwenye begi la kuigizia.

Majirani waliotusikia siku ile wananiuliza kama nilimaanisha. Maneno uliandika wewe, sikuongeza hata moja. Sauti ndiyo ilikuwa yangu, na hiyo hukuniandikia. Sijui, Nyangeta. Kila nikijisikiliza kichwani naisikia tofauti.

Nilikwenda Bunda, stendi, na picha yako ya kipaimara. Mkata tiketi akaiangalia, akaniangalia mimi, akaita wenzake: "Njooni mwone, mzee wa ngozi ya matundu." Wakanizunguka na simu zao. Nikasema binti yangu ameondoka, simwoni. Wakaangua kicheko. Mmoja akauliza, "Sehemu ya pili inatoka lini, mzee?" Kadiri nilivyokasirika ndivyo walivyofurahi, maana nilikuwa nafanya kilekile wanachonipendea. Nikarudi nyumbani.

Nikasikia umeonekana kisiwani Rukuba, kwa wanaowapikia wavuvi. Nikapanda boti. Hukuwepo. Wavuvi walinipa sato wawili bure kwa kuwa niliwachekesha, nikarudi nao Musoma, na mama yako akakataa kuwapika.

Kanisani katekista alitangaza kwamba unatafutwa. Alipotaja jina langu, benchi la vijana likaanza kutikisika, kicheko kikafika mpaka kwa akina mama wa kwaya. Katekista alijitahidi kukunja uso lakini naye midomo ilimshinda. Mimi nilikuwa nimesimama na sikujua kama nikae au nitoke.

Mwisho nikamwomba jirani anirekodi nikikuomba urudi. Nililia, na wewe hujawahi kuniona nikilia, hata tulipomzika babu yako. Walioiona mtandaoni wakaandika chini yake: huyu mzee anajua kuigiza. Mama yako akaisoma, akaniambia, "Si ulikuwaga unachekesha watu? Wachekeshe sasa wakurudishie mtoto." Tangu hapo tunaongea habari za chumvi na maji tu.

Nimefika mwisho wa akili yangu. Nikisikia mtu anagusa geti natoka mbio, nakuta ni muuza mboga. Zile suruali nilizokuwa nazigeuzia kisogo, sasa nazifuata. Ikipita moja mbele ya duka, magoti nje, namwacha mteja nakwenda kuangalia uso. Juzi nilimfuata binti wa watu mpaka karibu na soko. Mama yake akanigeukia kwa ukali, na alikuwa na haki. Kisha akanitambua, akaanza kucheka. Ningeona afadhali angenipiga.

Sitakudanganya kwamba nimeipenda suruali yako. Siipendi. Ukiingia nayo nitasema, chuo nacho nitakitaja, na wewe utanijibu kwa mdomo huo uliourithi kwangu, maana mama yako si mtu wa maneno. Niko tayari kusikia mambo ya muziki. Sisemi nimekubali, nasema nitasikiliza mpaka umalize, jambo ambalo sijawahi kulifanya na sijui kama naliweza.

Wakikuonyesha barua hii huku wanacheka, wewe usicheke. Kula vizuri huko uliko. Usilale kwa watu usiowajua. Kama hutaki kusema na mimi, mpigie mama yako, nitatoka nje usinisikie hata nikipumua.

Halafu rudi, mwanangu. Rudi tugombane.

Ni mimi, baba yako