Mkanda wa Mfenesi

Jumanne, 16 Januari

Nimefagia maua ya mfenesi tena. Yameanguka usiku, meusi, yameoza. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nafagia ua wa nyuma, na kila asubuhi mavyaa wangu, mama wa mume wangu, Bi Rukia, amekaa kizingitini ananitazama tumbo. Leo amesema, "Mti huu na mwanamke fulani, kazi yao moja. Kupukutisha."

Anazijua mimba zangu mbili zilizoharibika. Alizifua nguo zile kwa mikono yake.

Miaka sita ya ndoa. Mti una miaka saba. Marehemu baba mkwe aliupanda mwaka aliokufa, na Bi Rukia anaupenda kuliko watu. Ningeweza kumwambia kwamba yanayoanguka ni maua dume. Mfenesi una dume na jike kwenye mti mmoja. Ukiwa mchanga huanza na dume tupu. Hutoa vumbi lake, hunyauka, huanguka. Jike huja baadaye, kwenye shina nene, kwa sababu tawi haliwezi kubeba fenesi. Wanafunzi wangu wa Gredi ya Nne wanalijua hilo. Yeye hataki kuambiwa kitu na mimi. Basi na akae hivyo hivyo.

Ijumaa, 19 Januari

Somo la mfenesi, shuleni Kizingo. Nilinunua fenesi sokoni Marikiti, likaingia ndani ya tuktuk kama abiria. Kisu na mikono nikavipaka mafuta ya nazi, maana utomvu wake ukikushika, sabuni haikusaidii. Watoto waliramba vidole. Kokwa tukazichemsha na chumvi, nazo zikaliwa. Nikawaambia majani ni chakula cha mbuzi, mbao zake njano hutengenezewa makasha.

Halafu nikawachorea shina. Maji hupanda kwa ndani, kwenye mti wenyewe. Chakula kinachopikwa na majani hushuka kwa nje, chini ya gome. Msichana mmoja akauliza: na gome likitolewa kuzunguka pande zote? Nikamwambia mizizi itakufa njaa, ila polepole. Juu mti utaendelea kuwa kijani. Akasema, "Masikini."

Nimerudi nyumbani nimekuta tangazo la Bi Rukia. Jumapili mti utatishwa. Majirani wamealikwa.

Jumapili, 21 Januari

Kutisha mti ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika shoka, anautukana mti kwamba hauzai, ataukata. Mwengine anausimamia, anaomba usikatwe, mwakani utazaa. Shoka hugusa gome mara tatu, watu wanacheka, wanakula halua, wanakwenda zao. Nimeona tangu utotoni.

Bi Rukia alishika shoka. Mimi nikawekwa kuomba.

Wanawake wote wa kichochoro chetu, hadi wale wa upande wa Ndia Kuu, walijaa uani. "Hula bure, hunywa bure, huzai!" Akasema hayo akinitazama mimi, si mti. Nami, kwa niaba ya mti, ilinibidi nijibu kwa sauti: "Nioneeni huruma, mwakani ntazaa." Akasema hajasikia. Nikarudia. Akanirudisha mara ya tatu. Wanawake walicheka, wengine wakiziba midomo kwa leso. Salim, mume wangu, alikuwa dirishani juu. Akafunga dirisha.

Ningemuua mama yake. Naandika kama nilivyohisi.

Kisha vigelegele vikampanda Bi Rukia kichwani. Kugusa mara tatu hakukumtosha. Akasema mzazi hufungwa mkanda wa tumbo, basi na mti ufungwe mkanda wa mzazi, iwe fali njema. Alilibuni palepale. Akachukua panga, akabandua gome upana wa kiganja, kuzunguka shina lote, mpaka mti ukabaki mweupe na utomvu unatiririka. Akaufunga hapo kipande cha leso yake ya arusi.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili. Neno moja lilitosha. "Mama, acha ubavu mmoja." Neno hilo lilikuwa mdomoni, nikalimeza.

Jumatatu, 22 Januari

Nimelala vizuri sana.

Jumamosi, 2 Machi

Nilijua yatakuja na yamekuja. Maua jike, shina limejaa, juu ya leso. Chakula kimezuiwa njiani, hakishuki tena, mti unakitumia chote kuzaa. Mti unaokufa huzaa hivyo.

Bi Rukia amepiga vigelegele peke yake uani. Amempigia simu kila anayemjua. "Umesikia! Mti umesikia! Kuna viumbe vyengine ndivyo visivyosikia."

Bado ungeokolewa. Unachukua vijiti vibichi vya mti wenyewe, unaviunga chini na juu ya kidonda, kama daraja. Nimefanya hivyo na mpera, chuoni. Kazi ya asubuhi moja. Sikufanya. Nilikwenda kusahihisha madaftari.

Jumatano, 17 Julai

Mafenesi tisa. Makubwa, yanang'ang'ania shina. Bi Rukia anayagonga kwa kidole kila siku asikie kama yameiva. Anaupapasa mti, anausemesha. Amenizuia nisiguse. Nina mkono mzito, wa nuksi, asema.

Majani ya juu yameanza kuwa madogo. Haoni.

Jumapili, 4 Agosti

Fenesi la kwanza limepasuliwa leo mbele ya wageni. Harufu imejaa nyumba nzima. Amegawa kwa mkono wake, mimi akanipa mwisho, makapi. Akasema: "Mti ulioombewa umezaa. Mwombaji je?" Kisha akasema amemposea Salim msichana wa Kibokoni. Arusi baada ya Maulidi. Nitapewa chumba cha chini, kile cha kuwekea mkaa.

Salim alikuwa anakula. Aliendelea kula. Nilimtazama mpaka akalazimika kuinua uso, akasema, "Ni maneno ya mama, Zainabu." Mwanamume wa miaka thelathini na minane.

Nimekwenda chooni nimelia. Nalia kwa hasira, si kwa huzuni. Sitaki ukewenza. Sitakaa chumba cha mkaa. Sina pengine pa kwenda.

Alhamisi, 29 Agosti

Majani ni njano, mti mzima. Mafenesi mawili yaliyobaki yamesinyaa. Bi Rukia anamwaga maji asubuhi na jioni, ndoo kwa ndoo, na magoti yake yale mabovu. Ameweka mbolea. Amesoma Yasini. Nimemwangalia kutoka jikoni. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Jumamosi, 7 Septemba

Leo ameniita. Mara ya kwanza ameniita "mwanangu". Amekaa chini penye shina, leso imefunguka, kidonda kimekauka rangi ya mfupa. Amesema, "Mwanangu, wewe ni mwalimu. Mti wa mzee una nini?"

Nikamfundisha. Polepole, kama Gredi ya Nne. Majani hupika. Chakula hushuka kwa gome. Wewe ulikata njia yote pande zote. Mizizi imekufa njaa, na mafenesi yale uliyogawa yalikuwa ni kukata roho. Hata maji uliyokuwa ukimwagia, hakuna mzizi wa kuyanywa.

Akauliza nilijua lini. Nikasema siku ile ile, nikiwa nimesimama naomba. Akauliza kama ungeweza kupona. Nikasema ndiyo, miezi mitatu ya mwanzo.

Nilidhani atapiga kelele, ataita watu, ataniapiza. Alisema kwa sauti ndogo tu: "Kikulacho ki nguoni mwako." Akaomba nimwinue. Nikamwinua.

Nilifurahi. Nimejaribu kuandika neno jengine, sikulipata.

Jumanne, 10 Septemba

Posa imevunjwa. Bi Rukia mwenyewe amewapelekea wa Kibokoni ujumbe, hakutoa sababu. Salim ameshangaa, kisha amefurahi kwamba hakulazimika kuamua. Majirani wameambiwa mti umeliwa na mchwa.

Ijumaa, 4 Oktoba

Fundi ameukata. Mbao njano, nzuri. Kasema ajabu, mbao ya mfenesi mchwa huwa hawaipendi. Bi Rukia akaangalia chini. Ua una jua kali sasa. Hakuna cha kufagia.

Haniamrishi tena. Ananiita Mwalimu. Chumba cha juu ni changu.

Alasiri nimepika chai ya tangawizi, nikammiminia. Hakuigusa. Hunisubiri nionje kwanza, siku hizi, kila kitu ninachompikia. Nikachukua kikombe chake, nikapiga mafunda mawili, nikamrudishia. Akangoja kidogo. Akanywa.